Maneno ya Kutuliza, Saa Nane za Usiku

Daftari langu la Kiingereza lina ukurasa mmoja
uliomwagikiwa chai. Ndimo yalimo maneno ya kutoogopa.
Bwana Pargeter alitupa Jumanne moja
kwenye maktaba, Wolverhampton, hita ikikohoa:
mtu mtulivu, alisema, ni mtu aliyekusanywa.
Nikaandika: aliyekusanywa.
Kama kodi. Kama takataka za Alhamisi.
Tena ana ubaridi wa tango,
hapigi mabawa,
ameshikilia nywele zake zisiruke.
Na mwenye kipara? akauliza Tesfalem,
tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Neno moja nililipigia mstari mara mbili:
lile wanalomwita mtu asiyetetereka
ndilo hilo hilo wanaloliita shairi likishatungwa.
Nilipanda basi kurudi nyumbani
nikijitunga.

Sasa simu.
Kazi yangu ni kuwa sauti ya watu wawili wasionijua.
Swansea, wodi ya wazazi: mkunga Nerys,
daktari mwanagenzi ambaye jina lake sikulidaka,
na Feza wa Kalemie, mimba yake ya kwanza.
Mimi niko jikoni, soksi za mume wangu miguuni,
mita ya umeme imebakiza peni themanini.

Mwambie atulie, anasema Nerys.
Namwambia.
Mwambie asiwe na hofu.
Hapo nikasita.
Maana kwetu hofu ndiyo yenye mikono:
humwingia mtu, humshika, humwachia ikitaka.
Ningekuwa na namba ya hofu
ningeipigia yenyewe, nikaiambia mwachie binti wa watu.
Nikasema tu: usiogope, mama.

Kimya. Kisha pumzi ndefu, kisha mlio
kama wa kabati zito linalosukumwa sakafuni,
kisha Feza, neno kwa neno, kwa Kiswahili chake:
Muambie siko naogopa.
Niko naumia.
Ni bitu bibili.

Nikavuka nayo.
Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka,
kikazunguka, kikazunguka, kikanyamaza.
Na huyu kijana wa koti jeupe, Feza akaongeza,
mukono unamutetemeka. Muambie yeye ndiye atulie.

Haya. Nikafunua ukurasa wa chai.
Nimwambie nini? Awe tango?
Ajikusanye, na huku ameshatawanyika
kutoka kisogoni hadi kwenye kucha?
Maneno yote ya Bwana Pargeter yalikuwa yamesimama foleni,
yamechana nywele, yamefunga vifungo,
na hakuna hata moja lililokuwa na mkono wa kumshika mtu.
Nikachukua la kwetu, nikalivika Kiingereza
kilichombana mabega:
Daktari, nikasema, shusha pumzi.
Kama mzigo. Uweke chini, utauchukua baadaye.

Hakuuliza maana.
Nilimsikia akiushusha.
Nerys akacheka kidogo puani,
akasema jambo kwa Kiwelshi, halikuwa langu kulitafsiri.

Ndipo mita ikalia, jikoni kukazimika.
Friji ikakata kauli.
Simu ilikuwa na chaji; nikabaki gizani
nikisema sukuma, sasa usisukume, sasa sukuma,
sijui kwa sauti ya nani,
goti langu likigonga mguu wa meza
ta-ta-ta,
mimi mwenye ukurasa mzima wa utulivu.

Mtoto alilia saa kumi kasorobo.
Wakanishukuru kwa namba yangu ya kazi, wakakata.

Nikapapasa kalamu.
Asubuhi niliona nilivyoandika:
herufi zimepandana kama watu kwenye mlango mwembamba,
juu ya tango, juu ya mabawa, juu ya nywele za watu,
ila zinasomeka.
Bitu bibili.
Na chini yake goti limechora mstari
wa tatu, uliopinda.